Paka kagongwa na tuktuk? Usitazame miguu tu, tazama mkojo

Wajua vile hutokea. Ni saa mbili usiku, umetoka zako kununua viazi karai, unarudi unamkuta paka wako anajivuta kando ya mtaro. Miguu ya mbele inafanya kazi. Ya nyuma inamfuata kama mzigo. Mkia umelala chini, hautikisiki hata ukimwita jina. Kufumba na kufumbua watu washajaa. Mmoja anasema huyo kwisha, mtie guniani. Mwingine anasema muache, paka ana roho saba, atajiponya mwenyewe. Wa tatu, yule mjuzi wa kila baraza, anatoa kidonge cha Panadol mfukoni: "Mpe nusu, maumivu yatulie."

Hakuna kati ya hao watatu aliyemsaidia paka. Na wa tatu ndiye wa kuogopwa zaidi. Tutafika huko.

Makala hii ni yako wewe uliyesimama pale na simu mkononi, umewasha tochi, hujui uanzie wapi. Siwezi kukuahidi kwamba paka wako atapona. Ila kuna jambo moja ambalo wengi mtaani hawalijui, na mara nyingi ndilo huamua kama atafika mwisho wa wiki: paka aliyeumia neva za mgongo anaweza kuishi bila mkia, anaweza kuishi akiyumba miguu ya nyuma, lakini hawezi kuishi na kibofu kisichotoa mkojo. Macho yetu sote hukimbilia miguu. Saa inayohesabu iko tumboni.

MKIA UNAHUSIKAJE NA MKOJO?

Huku kwetu nje ya kisiwa, kuanzia Likoni na Mtongwe, Kisauni na Mishomoroni, hadi Changamwe na Magongo, paka hulala panapopoa. Na mchana wa joto, panapopoa ni chini ya gari. Dereva anawasha tuktuk, paka anashtuka na kuruka, lakini gurudumu lishaukalia mkia. Mwili unaenda mbele, mkia unabaki nyuma. Hata kama hakuna mfupa uliovunjika, neva zilizo pale mkia unapoungana na kiuno zinavutwa kama waya. Mtoto anayemning'iniza paka kwa mkia anaweza kuleta jeraha lilo hilo. Kuna pia paka anayeanguka kutoka roshani ya ghorofa, anayeng'atwa mgongoni na mbwa, au anayepigwa jiwe na mtu asiye na kazi.

Fikiria mgongo wa paka kama bomba la pingili: 7 za shingo, 13 za kifua, 7 za kiuno, 3 za nyonga zilizoshikamana, kisha zile za mkia. Ndani ya bomba hilo hupita uti wenyewe, uzi mnene wa neva unaotoka kwenye ubongo. Ukikaribia mwisho, uzi huo unagawanyika kuwa nyuzi nyembamba nyingi. Madaktari wa zamani waliziangalia wakaziita kwa Kilatini "mkia wa farasi", na jina likabaki. Nyuzi hizo ndizo hupeleka ujumbe kwenye mkia, kwenye kibofu, kwenye tundu la haja kubwa na kwenye sehemu ya miguu ya nyuma.

Ndiyo maana unaweza kumwona paka anatembea vizuri tu baada ya ajali, anakula, anakuja mapajani, mkia tu ndio umelegea. Unasema alhamdulillah, ni mkia peke yake. Kumbe hajakojoa tangu jana.

Jeraha likiwa juu zaidi, katikati ya mgongo, hali ni tofauti kidogo. Miguu ya nyuma haisogei, na kibofu hubana, mlango wake hautaki kufunguka. Likiwa chini, karibu na mkia, kibofu hulegea na mkojo kuvuja. Daktari akikuuliza maswali mengi kuhusu mkojo, usidhani anapoteza muda. Anatafuta ni wapi waya umekatika.

SAA YA KWANZA

Kwanza, usimnyanyue kwa makwapa ukaacha mgongo unaning'inia. Tafuta kitu kigumu kilicho bapa: ubao, sinia kubwa, kipande cha katoni nene. Msukume taratibu apande juu yake, mfunike kwa leso, mfunge asijigeuze. Akiwa amefunikwa kichwa pia hutulia, mradi anapumua vizuri.

Pili, jilinde. Paka mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda. Akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kingali kipo Kenya, na licha ya jina lake, paka pia hukipata na hukiambukiza. Kama paka hana chanjo, mwambie mhudumu wa afya waziwazi.

Tatu, gusa nyayo za nyuma. Kama hakuna aliyeona ajali, miguu imepooza ghafla, ni ya baridi, nyayo zimepauka au zimekuwa za buluu na paka analia kwa uchungu, huenda si mgongo kabisa. Huenda ni donge la damu lililoziba mshipa mkubwa unaolisha miguu, na mara nyingi chanzo chake ni moyo. Hiyo ni dharura ya dakika, si ya kesho.

Nne, weka hiyo Panadol mbali. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu. Inayobaki huharibu damu: chembe nyekundu zinashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia au buluu, uso unavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni vivyo hivyo, usimpe. Kuna dawa za maumivu za paka, lakini hupimwa kwa uzito wake, na mwenye kuzipima ni daktari.

Tano, nenda kwa daktari wa mifugo. Daktari, si muuzaji wa agroveti. Huyo wa agroveti anaweza kuwa mtu mzuri na mwenye uzoefu, lakini dawa ya kuku haitibu mgongo. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayosimamia kazi hii, na Kenya Veterinary Board ndiyo inayosajili madaktari na wasaidizi wao. Una haki ya kumuuliza mtu kwa adabu kama amesajiliwa. Humjui yeyote? Anza na ofisi ya mifugo ya kaunti, au muulize mtu wa mtaani mwenye mbwa wa kulinda. Mara nyingi ana nambari. Kama daktari yuko kisiwani na wewe uko Likoni, weka paka kwenye katoni yenye matundu, vuka feri kwa miguu, nauli ya abiria haipo. Simama pembeni, mbali na msukumano wa kushuka.

MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

Wengi wetu tukifika kwa daktari tunakuwa wapole mno. Tunaitikia kila kitu, tukifika nyumbani hatujui tulichoambiwa. Na hela ni kidogo, kwa hivyo kila swali lina thamani. Uliza haya kabla ya lolote kufanywa: kumwona tu ni kiasi gani? Eksirei ni lazima leo, na ikionyesha kitu itabadilisha matibabu? Kibofu kimejaa? Mkia una hisia pale shinani? Nirudi lini?

Swali la mkia shinani lina uzito kuliko linavyosikika. Daktari atabana ngozi ya shina la mkia na atabana vidole vya miguu ya nyuma. Hapa kuna jambo huchanganya watu. Ukibana kidole na paka akauvuta mguu, hiyo peke yake haimaanishi kwamba amehisi. Mguu unaweza kujivuta kwa amri ya uti wenyewe, bila ubongo kupata habari. Kinachotafutwa ni uso: amegeuka? Amelia? Amejaribu kukung'ata? Hapo ujumbe umefika kichwani, na njia haijakatika yote. Paka mwenye hisia shinani mwa mkia ana matumaini makubwa zaidi ya kurudi kukojoa mwenyewe kuliko asiyehisi kitu.

Usijaribu kubanabana nyumbani kila saa ili upate moyo. Mara moja kwa daktari inatosha, na akirudi atapimwa tena.

KIBOFU: KAZI YENYEWE

Kibofu kikikaa kimejaa, mkojo hurudisha presha hadi kwenye figo, na sumu ambayo ingetoka inabaki kwenye damu. Potasiamu hupanda, moyo hupoteza mapigo yake. Paka asiyetoa mkojo kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Na hata akinusurika, misuli ya kibofu iliyovutwa kupita kiasi inaweza isirudi tena hata neva zikipona.

Hapa kuna mtego ambao huwanasa hata watu makini. Unaona matone ya mkojo sakafuni, unafurahi: anakojoa! Si lazima. Tangi likijaa hadi juu, maji humwagika pembeni, lakini tangi bado limejaa. Paka anayedondosha matone akitembea, au akinyanyuliwa, au akilala, huenda kibofu chake kiko pomoni. Anayekojoa kweli hujitayarisha: anakwenda kwenye mchanga, anachuchumaa, anaacha bwawa, anafukia.

Basi itabidi umkamulie mkojo. Ndiyo, kwa mikono. Daktari atakufundisha akiwa ameweka mkono wake juu ya wako, na usitoke pale mpaka umefanya mwenyewe mbele yake ukafanikiwa. Kwa ufupi ni hivi: paka anasimama au analala ubavu, mkono mmoja unamtuliza kifuani, mwingine unapapasa tumbo la nyuma, mbele kidogo ya mapaja. Kibofu kilichojaa ukikishika ni kama puto dogo lenye maji, ukubwa wa ndimu hadi chungwa. Unakizungushia vidole, unabana polepole na bila kuachia, ukielekeza nyuma kwenye mkia. Usiminye kwa kushtukiza. Mkojo ukianza kutoka, endelea na presha ile ile mpaka kibofu kinyauke mkononi.

Na usikione kigumu ukaongeza nguvu. Kibofu kinaweza kupasuka. Kama hakitoi, hasa kwa dume ambaye njia yake ni nyembamba na huziba kirahisi, acha na umrudishe kwa daktari. Kuna dawa za kulegeza mlango wa kibofu, na kuna mrija. Mikono yako si ya kushindana na mlango uliofungwa.

Mara ngapi? Kwa kawaida mara tatu kwa siku, kila baada ya saa 8, isipokuwa daktari aseme vingine. Hapo ndipo watu huchoka.

Kwetu Kisauni tulipitia haya na paka wetu, Chai, aitwaye hivyo kwa rangi yake. Miguu yake ilikuwa dhaifu, mkia umekufa, kibofu kimekwama. Tulipanga zamu kwa saa za swala kwa sababu hizo hakuna anayezisahau nyumbani: saa 11 alfajiri baada ya swala, saa 7 mchana, saa 3 usiku baada ya isha. Ukihesabu utaona ni saa 8 kamili kila zamu. Dada yangu alichukua usiku. Mimi mchana, maana chuo nilishakiacha na kazi yangu ni ya simu na kompyuta, niko nyumbani. Mamangu, ambaye siku ya kwanza alisema paka ni paka, alichukua alfajiri bila kuombwa. Ila ana udhu wake na nguo zake za swala, na mkojo ni najisi. Alitenga dera moja kuukuu, akalitundika nyuma ya mlango. "Mwanangu, hili ni la Chai," aliniambia. "Mtu asilitie kwenye nguo zangu." Akimaliza analivua, anaoga mikono, maisha yanaendelea.

Tuliweka daftari jikoni. Saa, mkojo mwingi au kidogo, rangi, amekula au hajala, choo kikubwa ndiyo au la. Mistari mitano, kila zamu. Bila daftari kila mmoja angedhani mwenzake ameshafanya. Na daktari alipolisoma alijua zaidi ya vile tungemweleza kwa mdomo. Siku ya 17, dada yangu aliandika: "mchanga umelowa kabla sijamgusa." Hatukushangilia. Tuliendelea kukamua mpaka daktari alipopapasa mwenyewe na kusema kibofu kinabaki kitupu. Mkia haukurudi. Ulikatwa baadaye, kwa sababu ulikuwa unaburutwa na kujipaka uchafu. Chai anaishi bila mkia, anaruka vibaya, anaiba samaki vizuri.

USAFI, NZI NA TUMBO

Joto letu na unyevu wa pwani vina kazi yake hapa. Mkojo unaokaa kwenye ngozi huichoma, manyoya yanatoka, kidonda kinaanza. Kidonda kikanuka, nzi wanakuja. Mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja hivi, na mabuu huanza kula nyama. Kwa hivyo kila zamu iishe kwa kumuosha sehemu ya nyuma na maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza, kisha kausha kabisa kwa kitambaa. Kukausha ni muhimu kama kuosha. Punguza manyoya ya mapaja kwa mkasi wenye ncha butu. Mlaze ndani, chini ya chandarua ikibidi.

Usitumie zile dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe zikitiwa majini. Paka hujilamba, na nyingi katika hizo ni sumu kwake. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa: zenye permethrini zinaweza kumuua.

Kama hasimami, mgeuze ubavu kila saa chache ili asipate vidonda vya kulala. Tandiko liwe laini na linalofulika: godoro la mtoto lililokatwa, juu plastiki, juu yake leso kuukuu. Kama mfupa umevunjika, daktari atataka akae mahali padogo, boksi kubwa au tundu, wiki 4 hadi 6. Najua utamhurumia. Lakini kila anaporuka, mfupa unaotaka kushikana unaachana.

Haja kubwa nayo yaweza kukwama, maana neva ni zile zile. Mpe chakula laini chenye maji: samaki aliyechemshwa akatolewa miiba, supu yake, malenge kidogo yaliyopondwa. Usichukue samaki wa kwenye mchuzi wenu. Vitunguu maji na saumu huharibu damu ya paka. Maziwa pia acha, paka wengi wakubwa huwaharisha, na kuharisha kwa paka asiyeweza kujizuia ni kazi mara mbili. Akikaa siku mbili au tatu bila choo, mpigie daktari. Zile chupa za kusafisha tumbo zinazouzwa kwa ajili ya watu usimpe, nyingine zina fosfeti na humuua.

Dalili za kukurudisha kwa daktari siku hiyo hiyo: mkojo wa damu, mkojo wenye uvundo au mawingu, kutapika, kukataa chakula siku nzima, kibofu kigumu kisichotoa. Maambukizi ya mkojo hutokea sana kwa paka wa namna hii, na hutibika yakiwahiwa.

MAZOEZI BILA MBWEMBWE

Daktari akisema mgongo umetulia, na si kabla, unaweza kuanza mazoezi. Mlaze ubavu, shika mguu mmoja wa nyuma, ukunje na kuunyoosha taratibu kama anayeendesha baiskeli, mara 10 hadi 15, kisha mwingine. Mara tatu kwa siku, na unaweza kuunganisha na zamu ya kibofu. Huku si kuponya neva. Ni kuhakikisha misuli na viungo havijakakamaa siku ujumbe utakaporudi.

Akianza kujaribu kusimama, pitisha leso iliyokunjwa chini ya tumbo, mbele ya mapaja, umbebe uzito nusu huku yeye anasukuma. Fanya hivyo kwenye mkeka au zulia. Sakafu ya vigae huteleza na humvunja moyo. Akitembea kwa mgongo wa nyayo, mrekebishe kwa upole aweke nyayo chini.

Usitarajie sinema. Neva iliyoumia lakini haikukatika huweza kurudi ndani ya siku au wiki chache. Inayolazimika kuota upya huenda takriban milimita 1 kwa siku, na kuna zisizofika. Video za paka wanaofufuka kwa sekunde 30 haziwezi kukuonyesha wiki sita za kufua leso.

UKIFIKA MWEZI

Sasa lile ambalo hakuna anayetaka kulisema. Paka wengi wa jeraha la mkia wanaorudi kukojoa huwa wamerudi ndani ya mwezi hivi. Mwezi ukipita, kibofu bado, hisia hakuna, matumaini yanakuwa madogo. Hapo una njia mbili za haki na moja ya dhuluma.

Ya kwanza ni kuendelea kumkamulia maisha yake yote. Kuna watu wanafanya hivyo, na paka wao anacheza na kula na kujua jina lake. Lakini jiulize ukweli: nani atafanya ukisafiri? Ukipata kazi ya zamu bandarini au hotelini? Mwenye nyumba akisema harufu imezidi? Kama jibu ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ashachoka, hiyo si njia bado.

Ya pili ni kumwomba daktari amlaze usingizi asiamke tena. Si kumuua kwa hasira, wala kumkwepa. Kama anateseka, maambukizi hayaishi, hali, hajijali tena, hiyo ni huduma. Kaa naye ukiweza.

Ya dhuluma ni ile ya gunia. Kumwacha Kongowea sokoni au pembeni mwa barabara "ajitafutie" paka asiyeweza kukojoa ni kumhukumu kifo cha siku tatu cha maumivu. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, lakini huku pwani hata kabla ya sheria tulishafunzwa. Kuna hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Na sahaba Abu Huraira, jina lake hilo lenyewe lina maana ya baba wa kapaka. Tunavijua hivi tangu madrasa. Tunamrushia paka kichwa cha samaki barazani na tunajiona tumefanya wema, na kweli ni wema. Lakini paka aliyevunjika anahitaji zaidi ya kichwa cha samaki. Anahitaji mtu anayeangalia saa.

Kwa hivyo fanya mambo mawili wiki hii, kabla hujahitaji. Tafuta nambari ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa aliye karibu nawe, uihifadhi kwenye simu, na uulize kama hupokea dharura za usiku. Kisha mpeleke paka wako akachanjwe kichaa cha mbwa, maana siku atakapokung'ata kwa maumivu utataka kuwa na hakika.

Na wewe dereva wa tuktuk unayesoma hii stejini ukingoja abiria, lako ni rahisi zaidi. Kila unapotaka kuwasha chombo kilicholala au kilichokaa juani, piga bodi kofi mbili, hesabu mpaka tano, ndipo uwashe. Akitoka mmoja mbio, ushamaliza kazi ya daktari bila shilingi.